Maneno Mawili ya Wakili Bahgat

Dirisha la tanuri la Hajji Sabri lilifungwa usoni pangu siku ya Jumanne, saa mbili asubuhi, nikiwa nimempakata Hanin na mbele yangu hakuna mtu hata mmoja. Mikate ilikuwepo. Niliiona, duara juu ya duara, ikifuka mvuke juu ya kichanja cha fito za mtende. Hajji Sabri alinitazama, akamtazama mwanangu, kisha akavuta ubao wa dirisha ukashuka mpaka chini. Hakuubamiza. Aliushusha polepole, ili nione.

Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema, "Mwombe huruma, Bi Wakili. Si ndiyo kazi yenu?"

Foleni nzima ya wanawake ikacheka. Nilipogeuka kona nilisikia ubao ukipandishwa tena.

Kicheko kile kilikuwa na historia yake. Miaka miwili nyuma, mama yake Hajji Sabri, Hajjati Wahiba, alikutwa kwenye sakafu ya jiko lake, kichwa kimepasuka. Alikuwa mkunga. Nusu ya watu wa Mit Darghama walipita mikononi mwake, na mimi nikiwemo. Mama yangu husema nilitoka kitovu kimenizunguka shingoni, na Hajjati akakifungua kwa vidole viwili huku akimtukana baba kwa kuchelewesha maji ya moto. Kwetu, aliyekukata kitovu humtaji kwa jina tu. Unamtaja kama unavyomtaja shangazi.

Aliyeonekana akitoka mbio nyumbani kwake mchana ule ni Mahrus, fundi wa majiko ya gesi. Hajjati alifariki hospitali saa mbili baadaye. Alipooshwa kwa mazishi, bangili zake mbili za dhahabu, ambazo hakuwahi kuzivua tangu atoke Makka, hazikuwa mkononi. Hajji Sabri alisimama katikati ya kituo cha polisi akapiga kelele kwamba mama yake ameuliwa kwa ajili ya dhahabu. Siku ya tatu Mahrus akasema, kwa namna wanavyosemeshwa watu huko, kwamba alizichukua akazitupa mferejini. Mferejini walizamia hawakuona kitu. Hakuna aliyejali. Kuua pamoja na kuiba ni kamba, na mji mzima ulikuwa umeshaisokota.

Hakupatikana wakili wa kumtetea. Lakini kesi kubwa ya jinai haiendi bila wakili, kwa hiyo mahakama ikamteua Ustadh Bahgat, mtu aliyenifundisha kazi, aliyesimama ubavuni mwangu siku niliyokula kiapo. Siku ya kesi nilikaa benchi la tatu. Mwendesha mashtaka alizungumza saa nzima. Kisha Bahgat akasimama, akafunga kifungo cha joho, akasema, "Naomba huruma." Akakaa.

Basi. Maneno mawili. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba ya kiatu. Watu walimpigia makofi ukumbini mpaka jaji akagonga meza. Jalada likapelekwa kwa Mufti, kama ilivyo desturi kwa kila hukumu ya kifo, likarudi, na Mahrus akahukumiwa kunyongwa.

Sasa, wakili yeyote anajua kwamba anayeomba huruma amekwisha kukiri. Humwombei huruma mtu ambaye hakufanya. Mahakama ya juu kule Kairo ilipolisoma jalada ikayaona maneno yale mawili, ikaandika kurasa nne. Mshtakiwa huyu, waliandika, amehukumiwa kufa bila ya kutetewa. Wakili wake alikuwepo kwa mwili. Hukumu ikafutwa, kesi ianze upya mbele ya majaji wengine.

Mji ulichemka. Waliompigia makofi Bahgat wakawalaani majaji wa Kairo. Wiki moja baadaye karani wa mahakama alibandika jina la wakili mpya ubaoni, na jina lilikuwa langu. Siku iliyofuata ndiyo ile Jumanne.

*

Nilimwendea Bahgat kuchukua nakala yake ya jalada. Nilimkuta anachovya mkate kwenye maharage, kitambaa kimefungwa shingoni, na hakuniambia karibu.

"Jalada gani?" akaniuliza.

"Jalada la Mahrus, Ustadh."

"Sikulichukua. La nini? Ulitaka nisome ili iweje, nijue alimpasua kwa mkono upi?"

Nikamwambia basi nitanunua nakala kwa karani. Akafuta kidole kimoja kimoja. Hasira yake ilikuwa ya mtu aliyeandikiwa na mahakama ya juu kwamba alikuwepo kwa mwili, na kurasa zile zilikuwa zimesomwa na mawakili wote wa jimbo.

"Nisikilize, Inas," alisema. "Sema yaleyale niliyosema, ila yarefushe. Zungumza dakika ishirini. Utoto mgumu, baba mlevi, nini na nini. Weka na aya moja ya Kurani. Kairo wanataka urefu tu. Ukimaliza, kaa."

"Huo si utetezi, Ustadh."

"Wewe una mtoto wa mwaka na nusu. Unaishi mita mia mbili kutoka kwenye tanuri lile. Utetezi ni kitu cha kwenye vitabu." Akaukata mkate vipande viwili. "Au unataka wakulinganishe na mimi, waseme mwanafunzi amemshinda mwalimu?"

Nilimwambia sikuiomba kesi hii. Akasema hakuna aliyeiomba, hata yeye hakuiomba, na kwamba mlango niliouacha wazi nyuma yangu ndio wa kutokea.

Jirani yangu Umu Wagih, aliyekuwa akinilelea Hanin nikiwa kazini, alinirudishia begi la nepi za mtoto siku hiyohiyo. Alisema hana chuki na mtoto. Ila yeye naye alipokewa na Hajjati alipozaliwa, na wanawe wote wanne, na mikono yake haitaki. Alisema hivyo, mikono yake haitaki, akaitazama kama si yake. Tharwat, mume wangu, anafundisha hesabu shuleni. Wanafunzi walimchorea kamba ya kunyongea ubaoni, na chini yake wakaandika wakili ni mke wa nani. Aliifuta akaendelea na somo. Mkate akaanza kuuleta kutoka mji wa pili, kwa baiskeli, ukifika umekauka.

Nilifikiri kujitoa. Sitasema sikufikiri. Ningeandika kwamba marehemu alinikata kitovu, na jaji angenielewa. Lakini katika Mit Darghama nzima asingepatikana wakili ambaye Hajjati hakumkata kitovu, yeye au mkewe au mwanawe. Kama hiyo ni sababu, basi Mahrus hana wakili duniani.

*

Hajji Sabri alikuja ofisini kwangu mwenyewe, Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri. Unga ulikuwa bado kwenye nyusi zake. Hakukaa.

"Sikuja kukutisha," alisema. "Nimekuja kukwambia utakachosema. Utasimama, utasema maneno mawili kama Bahgat, utakaa. Na dirisha langu litafunguka."

Nilifungua droo nikampa zile kurasa nne za Kairo. Alizisoma akiwa amesimama, kidole kikifuata mstari, midomo ikitembea. Alirudi nyuma mara mbili. Alipofika kwenye maneno "kwa mwili", kidole kilisimama.

"Kwa hiyo ni Bahgat," alisema.

"Ni Bahgat nini, Hajji?"

"Ndiye aliyemtoa mkononi mwangu. Yule mbwa alikuwa na kamba shingoni, na Bahgat akaikata. Kwa maneno mawili." Sasa alikaa. Kiti kililia. "Nami nilimpelekea kapu la mkate wa siagi siku ile. Nilimbusu kichwa."

Nikamwambia nikisema maneno yale, au dakika ishirini za maneno yanayofanana nayo, Kairo wataifuta tena. Tutarudi hapahapa mara ya tatu, na mama yake atafukuliwa midomoni mwa watu mara ya tatu.

Alizirudisha zile kurasa juu ya meza. Kisha akaniangalia kwa chuki ambayo sijawahi kuangaliwa nayo na mtu aliyekuwa anakubaliana nami.

"Basi mtetee," alisema. "Mtetee mpaka koo likukauke. Usimwachie hata kitundu cha kulalamikia. Nataka anyongwe akiwa ameshiba utetezi. Umenielewa, binti Fikri?"

"Nimekuelewa, Hajji."

"Na atakayekugusa nitamshughulikia mimi."

Jioni ile Umu Wagih aligonga mlango akauliza kwa sauti ya chini kama begi la nepi bado lipo. Asubuhi yake ubao wa dirisha haukushuka. Nilipewa mikate yangu kumi, ya moto, kabla ya watu walionitangulia, na hakuna aliyenisalimia. Walinipisha kama unavyompisha mtu anayebeba jeneza.

*

Mahrus naye hakunipenda. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye makovu ya moto mikononi, na tulipokutanishwa gerezani alikaa upande upande kama mtu anayengoja kuondoka.

"Umekuja kuniombea huruma?" akauliza.

"Hapana."

"Nasikia unalishwa na Sabri. Hata humu ndani habari zinafika, bibi. Amekununua kwa mikate kumi."

Nilimwambia Hajji Sabri anataka nimtetee vizuri ili anyongwe vizuri. Alicheka, na meno yake ya mbele hayakuwepo. Kisha akageuza kiti akanitazama.

Alichoniambia siwezi kukiandika chote, kwa sababu ni chake, na hakijaacha kuwa chake. Naandika kile tu alichokisema baadaye mwenyewe mbele ya majaji. Alikwenda kubadilisha bomba la gesi. Wakagombana juu ya kazi aliyoifanya mwezi uliotangulia, kwamba jiko bado linavuja. Hajjati alimshika mkono wa shati akamwita mwizi, kama alivyomwita kila fundi. Mahrus akamsukuma. Hajjati akaanguka kwenye pembe ya jiko. Yeye akakimbia.

"Bangili sikugusa," alisema. "Niliwaambia nimezitupa mferejini ili waniache nilale. Mfereji ule una tope tu."

Hakujuta mbele yangu, wala hakuuliza mama yule alikufa kwa maumivu au bila maumivu. Aliuliza kama nina sigara. Nilitoka pale nikiwa simpendi, na nikashukuru kwamba kiapo hakikunitaka nimpende.

Jalada lilikuwa na kurasa mia na thelathini. Nililisoma mchana, Hanin akiwa amelala, nami nimekaa sakafuni, nikiweka kila karatasi na ndugu zake. Ripoti ya daktari wa maiti: jeraha moja, la pembe, hakuna la pili. Hilo lilikuwa la maana. Mtu anayekusudia kuua huwa hapigi kwa kusukuma mara moja na kukimbia. Nyuma kabisa palikuwa na makaratasi ya gari la wagonjwa, yameshonwa kichwa chini, mihuri juu ya mihuri. Ukurasa wa mia na kumi na nane ulikuwa wa wodi ya dharura, hati ya muuguzi, mistari sita ya mwandiko uliolala. Wa tano ulisema mkono wa kushoto ulivimba kwa sindano ya maji, bangili mbili za dhahabu zikakatwa kwa koleo. Wa sita ulisema bangili zimekabidhiwa kwa jamaa ya mgonjwa. Chini yake palikuwa na sahihi, ya mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, herufi moja moja, kubwa, safi kuliko mwandiko wa muuguzi.

Ikram Abdulaal. Mke wa Hajji Sabri.

Juu ya meza palikuwa na mikate ya tanuri lao, imefunikwa kitambaa. Nilikaa pale sakafuni mpaka Hanin akaamka.

Tharwat aliposoma ukurasa ule alivua miwani. "Mwambie," alisema. "Mwite Hajji, mwambie. Ametulisha, ametulinda. Asije akalisikia hili mbele ya mji."

"Nikimwambia leo, kesho karatasi itakuwa na maelezo. Zilikuwa bangili nyingine. Muuguzi alikosea. Ikram hakuwepo hospitali siku ile. Kabla ya kesi watakuwa na wiki tatu za kutafuta maelezo, Tharwat. Mahrus ana karatasi moja tu."

"Yule mtu alimsukuma mama mzee akakimbia."

"Najua alichofanya."

"Na Ikram amefanya nini? Labda aliogopa tu."

Labda. Nilifikiri hivyo hata mimi. Labda Hajjati alikuwa amemwahidi bangili zile, na alipozipewa hospitali hakuona kosa kuzifunga kwenye kitambaa. Kisha mumewe akasimama kituoni akipiga kelele za wizi, na mdomo ukamkauka, na kila siku iliyopita ikafanya iwe vigumu zaidi kuufungua. Lakini hayo ni utetezi wa Ikram, na mimi sikuwa wakili wa Ikram.

Sitasema wiki zile tatu zilikuwa rahisi. Asubuhi nyingi aliyekaa dirishani alikuwa Ikram. Katika mji mzima ndiye pekee aliyeniuliza hali. Alikuwa akichukua kipande cha unga uliokandwa, anakifinyanga mikono na miguu na kichwa, anakitia tanurini, kisha anampa Hanin mwanasesere wa mkate, wa moto, macho yake mbegu mbili za ufuta. "Huyu ni bibi arusi," alikuwa akimwambia. "Usimle kichwa kwanza." Hanin alimla kichwa kwanza. Nami nilisema ahsante, Ikram, nikauinua mkoba wangu begani, na karatasi ilikuwa ndani yake. Siku moja nilifungua mdomo. Nilisema jua kali leo.

*

Siku ya kesi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Hajji Sabri alikaa mbele, na aliponiona akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu anayempa fundi ruhusa ya kuanza. Ikram alikuwa kwenye mabenchi ya wanawake na shela nyeusi. Mahrus alikuwa ndani ya kizimba cha vyuma, ameshika nondo kwa mikono yake ya makovu. Bahgat alisimama nyuma, karibu na mlango.

Nilizungumza saa mbili. Sikuomba huruma. Nilizungumza juu ya jeraha moja na pembe moja, juu ya fundi aliyeacha begi la vifaa vyake palepale alipokimbia, na hakuna anayekwenda kuua na kuiba akaacha nyuma begi lenye jina lake. Kuna mtu alipiga kelele kwamba nimekata kitovu changu mwenyewe. Jaji akamtoa nje. Mwingine akasema maziwa ya mama yangu yaniwe sumu. Naye akatolewa. Hajji Sabri alikuwa amekunja mikono, akinisikiliza kama anayehesabu mifuko inayoingia ghalani, kwamba hakuna iliyopungua.

Kisha nikamwomba Mheshimiwa Jaji afungue ukurasa wa mia na kumi na nane, augeuze, kwa sababu umeshonwa kichwa chini.

Nilisoma mistari sita. Jaji alisoma nami, kisha akaisoma peke yake. Mwendesha mashtaka alikuwa anapekua nakala yake na haoni.

"Aliyekabidhiwa ni nani?" jaji akauliza.

"Jina liko chini, Mheshimiwa."

"Lisome, Bi Wakili. Ukumbi usikie."

Nililisoma. Sikuligeukia benchi la wanawake. Watu wote waligeuka, na nikasikia sauti ya vitambaa vikigeuka. Ikram hakulia wala hakukana. Jaji alipomwita mbele na kumwuliza kama sahihi ni yake, alisema ni yake, kwa sauti ya mtu aliyechoka kubeba kitu. Alisema bangili zimo katika gunia la pumba, nyuma ya tanuri. Zimo tangu siku ile.

Ndani ya kizimba Mahrus alicheka. Alicheka kwa nguvu, akapiga nondo kwa kiganja. Nilitamani kumziba mdomo. Nilitamani, kwa dakika ile nzima, kuwa wakili wa mtu mwingine yeyote.

Hajji Sabri alikuwa bado amekunja mikono. Lakini alikuwa ananitazama mimi, si mkewe.

Majaji walirudi alasiri. Wizi haukuwepo. Nia ya kuua haikuthibitika. Kilichokuwepo ni kumsukuma mtu na kumsababishia kifo bila kukusudia, na kwa hilo Mahrus alipewa miaka saba. Hakunishukuru. Aliuliza miaka miwili aliyokwisha kukaa inahesabiwa au haihesabiwi.

Nilitoka katikati ya watu, na joho langu lilitemewa mate mara tatu, nilihesabu. Kwenye ngazi Bahgat alinishika mkono wa joho, mahali pakavu.

"Ukurasa wa ngapi ule?" akauliza, kana kwamba hakusikia.

"Mia na kumi na nane."

Alitingisha kichwa polepole. "Mimi sikufungua hata wa kwanza," alisema, akashuka ngazi bila kuniaga.

*

Bangili zilikutwa ndani ya gunia la pumba, zimekatwa, zimefungwa kitambaa. Ikram alirudi kwa kaka yake kijiji cha pili, na watoto wakabaki na baba yao. Hilo nililifanya mimi. Nimejaribu kulisema kwa namna nyingine na halisemeki. Nilimwandikia barua kwamba akihitaji wakili, kwa mashtaka au kwa ndoa, nitamtafutia aliye bora kuliko mimi, kwa kuwa mimi siwezi kuwa upande wake. Hakujibu. Labda atajibu. Herufi zake zinachukua muda.

Siku tatu tulikula mkate wa baiskeli. Siku ya nne nilimbeba Hanin, nikachukua kapu, nikaenda kwenye foleni ya wanawake. Nilifika wa tisa. Aliye mbele yangu alipoona ni mimi alisogea ili nguo yake isiniguse. Aliye nyuma aliacha nafasi ya watu watatu. Hakuna aliyecheka safari hii. Tulisogea. Wa tano, wa tatu, wa pili.

Hajji Sabri alikuwa dirishani mwenyewe. Alikuwa amekonda katika siku nne. Hanin alinyosha mkono akitafuta bibi arusi wake.

"Wiki tatu," Hajji Sabri alisema. Hakupaza sauti, lakini foleni yote ilisikia. "Wiki tatu umekula mkate wangu, na ile karatasi imo kwenye mkoba wako."

"Ndiyo, Hajji."

"Unamsalimia. Mtoto wako anakula mkononi mwake."

"Ndiyo."

"Hukuona haya?"

"Niliona."

Alipangusa unga kwenye ubao kwa kiganja, mara moja, mara mbili. "Na ningekuwa mimi ndiye niko ndani ya kile kizimba? Na Mahrus ndiye amesimama hapa dirishani, anakupa mkate?"

Nilikuwa nimejiuliza hilo kabla yake, kwa hiyo sikuhitaji kufikiri.

"Ningeula mkate wake, Hajji. Na ningenyamaza mpaka siku ya kesi."

Mkono wake ulipanda ukashika ubao wa dirisha. Nilijua uzito wa ubao ule na namna unavyoshuka. Hanin alikuwa bado amenyosha mkono.

"Omba huruma basi," alisema. "Si unayajua maneno. Yaseme, nikupe mkate."

Hanin alikuwa na njaa na mimi nilikuwa na njaa, na maneno ni mawili tu, hayamalizi hata pumzi moja.

"Siombi huruma, Hajji," nilisema. "Nimepanga foleni. Ni zamu yangu."

Alinitazama. Kisha mkono ukaachia ubao. Akageuka, akachukua mikate kwenye kichanja, hakuchagua, akaisukuma juu ya dirisha. Ilikuwa kumi. Ilinichoma vidole, na mmoja ulikuwa umeungua upande. Nilimvunjia Hanin kipande cha upande mzuri.

Hajji Sabri alikuwa amekwisha kuangalia nyuma ya bega langu.

"Anayefuata," alisema.